Baba Yangu Si Mshairi

Majani ya mchuzi yakitupwa kwenye mafuta ya moto pamoja na mbegu za haradali hutoa harufu inayowatia watu wengi njaa. Mimi hunifanya nigeuke kutazama baba yuko wapi. Mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto, nikipita kwenye ujia wa jengo tunaloishi hapa Houston na jirani yuko jikoni, husimama kwanza, ndipo akili inanikumbusha kwamba baba yuko kwake salama, amekaa mbele ya televisheni. Mwezi uliopita Prakash alinipigia simu kuniambia mama yake, Ajji, amefariki. Tangu hapo harufu ile imekuwa ikinijia hata mahali ambapo hapapikwi kitu. Wenzangu mliokulia huku ugenini mtanielewa. Kuna mambo ambayo wazazi wetu walitaka yapite kimya, nasi tukawasaidia kuyanyamazia. Haya ni yangu.

Tulikuwa tunakaa Irving, kando ya Dallas, kwenye fleti za matofali karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini sana hata glasi zikagongana kabatini. Baba aliendesha teksi, akipanga foleni pale uwanjani kusubiri abiria. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akirudi miguu imevimba. Wote wawili ni watu wa Mombasa, na nyumbani kilisemwa Kiswahili cha Mombasa, ila mimi nilijibu kwa Kiingereza na Baba alikuwa ameshachoka kunikanya. Shule ilipotoka mchana hakukuwa na mtu wa kunipokea. Ndipo Mama akazungumza na mama mzee wa Kihindi aliyekaa mlango uliotazamana na wetu, juu ya ngazi zilezile.

"Mwache kwangu," yule mzee alimwambia. "Mimi sina mtoto wa kumfundisha."

Ajji ni nyanya kwa Kikannada, lugha ya kwao kusini mwa India. Mimi nilidhani ndilo jina lake, na watu wote nyumbani kwetu wakamwita hivyo, hata Baba. Alivaa sari za pamba, juu yake sweta kuukuu la mwanawe, na soksi ndani ya ndara. Maisha yake yote alikuwa amefundisha fasihi ya Kikannada katika shule ya wasichana. Mume alipokufa, mwanawe Prakash, mhandisi wa kompyuta, akamleta Texas, na huku hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja. Akanipata mimi. Nilikuwa sijui herufi moja ya lugha yake, wala hilo halikumzuia. Alinipa wali uliochanganywa na mtindi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, akaanza kufundisha kwa Kiingereza, mshairi baada ya mshairi, kama vile nje kulikuwa na mtihani unaningoja.

Alianza na wa zamani kabisa, waliokaa kwenye majumba ya wafalme. Hao, alisema, mkono mmoja unashika kalamu na mwingine upanga. Wanaimba vita asubuhi na kuingia vitani mchana, na damu wanayoitaja wameiona kwa macho yao. Kisha wakaja wale aliowapenda kuliko wote: washairi waliokuwa washona viatu, wavushaji wa mtumbwi, wasokota kamba, wafua nguo. Hawakumtungia mfalme. Walimtungia Mungu, kwa maneno mafupi ya watu wa kawaida, na walisema hadharani kwamba mshona viatu na kuhani ni sawa. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyemwacha mume mwenye enzi, akavua hata nguo alizopewa na mume huyo, akaondoka mjini amejifunika nywele zake tu, akitunga njiani.

"Sasa sikiliza," Ajji alisema siku moja, na akasogeza kiti. "Mshona viatu anamwoza mwanawe binti wa kuhani. Washairi wote wanashangilia. Mfalme anapata habari. Anawatoa macho wale baba wawili. Anawafunga kwa kamba kwenye miguu ya tembo, na tembo wanaongozwa kupita barabara zote za mji."

Niliacha kutafuna. "Halafu?"

"Halafu askari wanaingia mitaani kuwatafuta washairi. Nyumba kwa nyumba. Wanaopatikana wanakatwa. Wanaoweza kukimbia wanakimbilia msituni wamebeba mashairi yao, yameandikwa kwenye majani makavu ya mti wa mvumo."

Kiingereza cha Ajji hakikuwa na jana. Wafalme, tembo, macho, mapanga, vyote vilikuwa vinatokea sasa hivi, na mimi nilivipokea hivyo. Walikuja waimbaji wa njiani, wenye njuga miguuni na zeze begani, nao wanafukuzwa kwa fimbo kwenye milango ya mahekalu. Alikuja mwalimu mmoja wa shule aliyeandika mchezo wa kuigiza juu ya mwenye mashamba aliyempiga mtumishi wake wa kike hadi akafa. Watu wa mwenye mashamba wanakuja nyumbani kwa mwalimu mchana kweupe. Wanamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Wanauweka mkono wake wa kulia juu ya meza anayoandikia, na wanavunja vidole, kimoja kimoja, kwa upande butu wa shoka. Hapo Ajji aliinuka akaenda kupunguza moto wa jiko.

"Huyo anaitwa nani?" niliuliza.

"Huyo hana jina kubwa," alisema, akinipa mgongo.

Nikaunganisha mambo kama mtoto anavyounganisha. Kulikuwa na kazi iitwayo ushairi, na wenye kazi hiyo walikuwa wanauawa. Mji wenyewe niliuweka upande wa Fort Worth, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa amesema huko kuna tembo. Darasa letu lilipopelekwa kutazama wanyama, niling'ang'ania kiti cha basi. Mwalimu alinibembeleza, akanivuta, mwishowe akanibeba. Tulipofika kwenye uzio wa tembo niliiona kamba nene imelala mchangani karibu na mguu wake, na nikajikojolea mbele ya wenzangu wote. Niliulizwa kwa nini. Sikusema. Kama ningesema, wangetaka kujua mshairi ninayemwogopea ni nani.

Maana baba yangu alikuwa mshairi. Kila mtu wa Pwani aliyekaa kati ya Dallas na Houston alilijua hilo. Kukiwa na harusi aliitwa kuwatungia maharusi. Kukiwa na msiba alitunga pia. Alitunga kwenye foleni ya teksi, akipiga mizani kwa vidole juu ya usukani, kisha akajirekodi kwenye kaseti akighani kwa sauti ile ya kuvuta. Mimi nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Baada ya Ajji kunifundisha, nikaanza kuliogopa. Akighani nyumbani, niliinuka kufunga madirisha. Siku moja nilimwambia awe dereva tu.

"Kwani ushairi umekukosea nini?" aliniuliza, akicheka.

Nikamwambia unaumiza. Akadhani namaanisha sauti yake.

Kisha minara ikaanguka kule New York. Sihitaji kuwaeleza asubuhi ile. Kila mmoja wetu ana yake. Nakumbuka zaidi siku zilizofuata, namna nyumba ilivyojaa minong'ono. Baba aliacha kuvaa kofia. Mama alirudi kutoka kazini akisema mzee aliyemlisha kwa miaka amemtemea uji usoni. Watu walimshauri Baba abandike bendera kwenye teksi, akabandika, na bado abiria walifungua mlango, wakamtazama, wakaufunga. Baba akatunga. Alitunga shairi la kuwaomboleza waliokufa, akalirekodi, akawa analisikiliza ndani ya gari kila anapokuwa peke yake. Nilimsikia Mama jikoni akimwambia, "Baba Rukia, wakati huu si wa mashairi. Watu hawajui unasema nini. Yatakuletea balaa."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jokofu. Kwa hiyo Mama naye anajua, nikawaza. Kumbe hatari ile imeshafika Irving.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado kali. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikimngoja Baba, mlango wa Ajji uko wazi nyuma yangu, naye alikuwa anamalizia kupika. Teksi iliingia kwenye maegesho madirisha yameshushwa, na sauti ya Baba ilitoka kwenye redio ikighani, ndefu, ya kuomboleza. Alipaki, akabaki kidogo kitini ili ubeti umalizike. Pikapu iliyokuwa imeegeshwa upande wa pili ilifunguliwa. Wakashuka wanaume wawili ambao sikuwahi kuwaona.

"Unasikiliza nini?" mmoja aliuliza. Alikuwa na shati la kazi lililokatwa mikono.

Baba alizima redio. "Ni mimi mwenyewe," alijibu kwa Kiingereza. "Ni shairi tu, sir. Ni poem."

Neno lile nililisikia vizuri kutoka pale ngazini. Amejitaja mwenyewe.

Yule mtu alimvuta kwa shati kupitia dirishani kabla mlango haujafunguka. Kichwa cha Baba kiligonga fremu ya juu. Kisha mlango ukafunguka, akaanguka chini kwenye lami, na yule wa pili akamkalia miguu. Mwenye shati la kukatwa alikuwa na wili spana mkononi, chuma cha kufungulia magurudumu; sikuona ametoka nayo wapi. Pigo la kwanza lilimpata Baba begani. La pili lilimpata usoni, na mlio wake haukuwa kama kwenye filamu. Ulikuwa mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa chini ya kiatu. Damu ikamtoka mdomoni na meno ndani yake. Alijaribu kusema kitu na taya halikufuata. Pigo jingine, juu ya jicho.

Niliteremka ngazi mbio, nikasimama karibu kiasi cha kuona jasho kwenye shingo ya yule mtu, na nikapiga ukelele kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Si mshairi," nilisema. "Baba yangu si mshairi. Ni dereva. Muulizeni mtu yeyote. Si mshairi."

Yule mtu aligeuka. Wili spana ilikuwa imeinuliwa tayari. Sijawahi kuona mtu amechanganyikiwa vile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali katika lugha asiyoijua. "Huyu mtoto anasema nini?" alimuuliza mwenzake.

Na hapo ndipo Ajji alipofika. Alishuka zile ngazi na soksi zake bila ndara, mkononi kijikaango cha mpini mrefu kilichotoka motoni, mafuta bado yanarukaruka, majani na mbegu vikipasuka ndani yake. Alimmwagia yule mtu uso mzima.

Harufu ilinijia kabla ya kelele zake. Alidondosha chuma, akajishika uso, na ngozi ikatoka na vidole. Yule wa pili aliinuka kutoka kwenye miguu ya Baba, akamsukuma Ajji kwa mikono miwili, naye akaangukia ukingo wa saruji. Nilisikia mfupa wake wa bega ukivunjika. Lakini alikuwa ameshajiburuta, akalala juu ya Baba na sari yake, uso wake juu ya uso wa Baba, na yule wa pili alimpiga mateke ya mgongo mpaka majirani walipotoka na mmoja akapaza sauti kwamba ameshaita polisi.

Polisi walipofika walikuta mzungu anayelia na uso umeungua, mzee wa Kihindi mwenye kikaango, na mtu mweusi anayevuja damu mwenye jina la Kiislamu kwenye leseni. Walimtia Baba pingu hapohapo alipolala. Ajji wakamtia pingu pia, na mkono wa bega lililovunjika ulipovutwa nyuma alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Mtu wa ambulensi ndiye aliyewaambia wazifungue.

Baba alipoteza jicho la kushoto. Taya lilifungwa kwa nyaya, juu na chini, ili mifupa ishikane, na kwa majuma mengi alikunywa supu kwa mrija na hakuweza kusema. Nilimtazama pale kitandani na nikaona kwamba wale watu walijua walichokuwa wakikitafuta. Mwalimu walimvunja vidole kwa sababu aliandika. Baba yangu alighani, wakamvunja mdomo.

Yule aliyeungua alimpata wakili, na wakili akasema mzee wa Kihindi ndiye aliyeanza. Ilisemwa kwamba Ajji anaweza kushtakiwa, na akishtakiwa anaweza kurudishwa kwao. Mpelelezi akaja nyumbani kwetu kuzungumza nami, mwanamke wa Kimeksiko mwenye sauti ya taratibu. Mama alikaa kando yangu.

"Yule bibi alipomwaga mafuta, baba yako alikuwa amesimama au yuko chini?" aliuliza.

"Chini. Alikuwa ameshapigwa jicho."

"Na yule mtu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ameinua chuma. Aliniangalia mimi, lakini chuma kilikuwa bado juu."

Aliniuliza mara kadhaa kwa njia tofauti, na kila mara nilijibu vilevile, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa la kwake tu, si la kazi. "Majirani wanasema ulipiga kelele kwamba baba yako si mshairi. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza tembo, na macho, na askari wanaopita nyumba kwa nyumba, na vidole vya mwalimu, na kwamba mji wenyewe uko Fort Worth. Aliweka kalamu chini, akamtazama Mama. Mama alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yakawa yanatikisika.

Mgeni alipoondoka, Mama alinishika mkono, akavuka nami hadi mlango wa pili. Ajji alikuwa kitandani, bega limefungwa. Prakash alisimama dirishani na nguo za ofisini.

"Ajji," Mama alisema, "mwambie mtoto ukweli. Mwambie mambo yale yalikuwa lini."

Ajji alinitazama, na ninaamini ndipo alipotambua nilivyokuwa nimemsikia muda wote ule. Alinivuta kwa mkono mzima. "Tembo wale wamekufa, mwanangu. Ni zaidi ya miaka mia nane. Mfalme amekufa, na askari wake wote."

"Na Fort Worth?"

"Hapana. Ni kwetu. Ni mbali sana."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Na yule mwalimu wa vidole naye ni miaka mia nane?"

Prakash ndiye aliyejibu, bila kugeuka kutoka dirishani. "Huyo alikuwa baba yangu," alisema. "Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila kidole." Kisha akamgeukia mama yake, na sauti yake ikabadilika. "Nimekuleta huku ili nisisikie tena kitu kama kile. Na wewe unashuka ngazi na kikaango. Watu hawa si wetu, Mama. Ugomvi huu si wetu."

Alisema hayo tumesimama palepale. Ajji alimjibu kwa Kikannada, maneno machache, bila kupaza sauti. Sikuyaelewa, na sijawahi kuambiwa. Prakash alitoka nje, na kutoka kwenye ngazi nilimwona amekaa ndani ya gari lake, mikono juu ya usukani, gari halijawashwa.

Mama alitaka niambiwe kwamba yote yamepita. Ajji hakuweza kumwambia hivyo mtoto aliyekuwa ameona alichokiona, naye hakumwambia.

Mwendesha mashtaka aliamua asimguse Ajji. Mwenye chuma alifungwa. Yule aliyemkalia Baba miguu aliachiwa kwa masharti, na kwa muda mrefu Mama alimtafuta kwa macho kwenye kila duka tulilokwenda. Prakash alipata kazi Houston, akanunua nyumba Katy, kitongoji cha huko, akahama na mama yake. Baba alifunguliwa nyaya. Taya lilikuwa limeungana upande, na herufi s na sh zilimponyoka, zikatoka na mate. Kwa jicho moja hakuruhusiwa kuendesha teksi tena; akaingia bohari ya mizigo kule uwanjani. Mialiko ya harusi ilipokuja alisema ana kazi. Mimi nilikuwa nimetamani sana aache ushairi, na sasa ameacha, na nyumba ilikuwa kama imekatwa umeme.

Tulikwenda Katy baada ya Idi. Mama ndiye aliyeendesha. Alikuwa amejifunza barabara kuu akiwa na hofu, akikaa mbele kabisa ya kiti. Nyumba ya Prakash ilikuwa mpya, rangi bado inanuka, miti ya uani bado imefungiwa vigingi. Alitupokea kwa adabu ya kukaza mgongo. Ajji alikuwa amenywea, na mkono mmoja haukupanda tena juu ya bega. Tulikula. Kisha akamgeukia Baba.

"Nighanie," alisema.

"Ajji, nisamehe. Mdomo huu haunitii."

"Basi nighanie kwa huohuo."

Baba alimtazama Mama, Mama akatazama zulia. Akaanza. Lilikuwa lile shairi la kuomboleza, lile lililokuwa likilia ndani ya teksi.

Nalilia walokufa, nisowajua kwa jina,
Nami napewa kashifa, na watu tuloonana.

Alifika kwenye neno kashifa na likamvunjikia kinywani. Mate yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Alirudia mstari, neno likavunjika tena. Akajaribu mara nyingine, kisha akanyamaza, na akacheka kidogo kicheko cha aibu ambacho sijawahi kumsikia nacho kabla wala baadaye. "Unaona," alisema.

"Naona," Ajji alijibu. "Mume wangu anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Maandishi ni mabaya, anaona haya, anaacha. Nami namwachia, kwa kumhurumia. Nakaa na mtu aliyenyamaza mpaka anakufa." Aliyavuta mapindo ya sari yake akayaweka sawa magotini. "Usinifanyie hivyo wewe. Nimevunjika bega kwa ajili yako."

Prakash, aliyekuwa ameshika sinia la chai, aliliweka mezani, akakaa chini kwenye zulia karibu na miguu ya mama yake, mtu mzima na suruali yake ya ofisini.

Tuliaga jua likiwa bado juu. Baba alikaa mbele karibu na Mama, mimi nyuma, na tuliiacha Houston nyuma yetu. Malori yalitupita yakitutikisa. Mama alishika usukani kwa mikono yote miwili. Tulikuwa tumeshaingia kwenye mashamba, ng'ombe pande zote mbili, nilipoona vidole vya Baba vinagonga goti lake taratibu, vikirudi na kuanza upya.

"Rukia," alisema bila kugeuka. "Nipe neno lenye maana ya kashifa. Lakini lisiwe na s ndani yake."

Niliyapitia maneno yote niliyowasikia wakiambiana yeye na Mama kupitia ukuta. "Lawama," nikasema.

"Lawama." Alilijaribu polepole, kama mtu anayekanyaga kwa mguu uliotolewa plasta. Lilitoka zima. "Lawama. Haya. Basi vina vyote lazima vibadilike." Vidole vikagonga tena. "Nawalilia yatima," alisema. "Nami napewa lawama." Hakuna herufi iliyomponyoka. Kisha akakunja uso. "Bado kuna lile neno nisowajua."

"Endelea," Mama alisema, macho yake barabarani. "Irving bado mbali."